Vichupa Vinane vya Damu ya Samaki

Kila Jumamosi ya likizo tuliamkia kwenye bwawa la samaki la shangazi. Mtafiti wa serikali, aliyekuja kukagua kama samaki wa bwawa hawatorokei mtoni, aliwatoa samaki damu tone moja moja, mimi nikiwashika kwa kitambaa chenye maji, na binti wa shangazi, tuliyemwita Kiherehere, akiandika vibandiko vya vichupa: BWAWA au MTO. Alikuwa na mwandiko mzuri, na alihakikisha dunia nzima inajua.

Kiherehere alikuwa amenichongea. Nilitia chumvi kwenye sukari ya wageni, utafiti mdogo tu, naye akanitaja kabla chai haijapoa. Niliosha vyombo wiki nzima. Katika kila sufuria niliuona uso wake, nikaisugua kwa moyo wote.

Basi alipokwenda kunawa, nilibandua vibandiko viwili vya bwawa na viwili vya mto, nikavibadilisha. Aibu ingekuwa yake. Usiku huo nililala usingizi wa mtu mwema.

Wiki mbili baadaye mtafiti alirudi bila tabasamu.

“Mama, samaki wako walizalishwa wakiwa na seti tatu za kromosomu ili wasizaane. Wa mtoni wana mbili. Sasa vipimo vinaonyesha wamechanganyika huku na huku. Ukuta wako unavuja. Bwawa litakaushwa.”

Shangazi aliketi juu ya ndoo. Bwawa lile ndilo lililotulisha.

“Uliandika nini wewe?” akamfokea bintiye.

“Niliandika sawasawa, mama! Haki ya Mungu!”

Utamu wangu ukawa umefika. Nilikuwa hata nimeandaa kicheko, lakini nikamtazama shangazi pale juu ya ndoo, nikakimeza. Bado nilimchukia, sitadanganya. Ila bwawa halikunichongea kwa mtu.

“Shangazi, mimi ndiye niliyebadilisha vibandiko. Nilitaka yeye aonekane mjinga.”

“Nilijua!” Kiherehere akaruka. “Nyoka wewe!”

Damu ilichukuliwa upya. Safari hii niliingia mtoni na wavu, maji kifuani, Kiherehere akiniamrisha kutoka ukingoni. Majibu yakaja: kila samaki yuko kwao. Bwawa likabaki na maji yake.

Shangazi aliniita, binti yake akiwa kando.

“Mwanangu, ukigombana na mtu, mwambie usoni. Ukiificha hasira ndani ya kazi, kazi inasema uongo, na uongo hauchagui wa kumuumiza. Ulimlenga mmoja, ukakaribia kutulaza njaa sote. Haya, mgeukie, umwambie linalokuuma. Mimi nipo hapa hapa.”