Hita Iliyofungwa Makusudi

Jua lilikuwa linazama shemeji yake Bi Spana alipoingia gereji na lile gari lake kuukuu, akashuka bila hata salamu.

"Shemeji, hita haitoi joto. Na safari ni sasa hivi."

Bi Spana, fundi aliyebandikwa jina hilo na wateja akalipenda kuliko lake la kuzaliwa, hakuuliza safari gani. Mdogo wake, mke wa shemeji huyu, alikuwa amejifungua jana, kabla ya siku zake. Mashine ya kumpa mtoto joto hospitalini kwao ilikuwa imeharibika, na nyingine ilikuwa katika hospitali ya ng'ambo ya mlima wenye baridi kali. Bila joto, mtoto yule asingevuka akiwa hai.

"Gari hili ulilinunua umefumba macho?" alimtania, huku akifungua boneti.

Maji ya rejeta yalikuwa tele. Injini ilipata moto vizuri. Feni ilivuma. Akashika mabomba mawili yanayoingia kwenye hita. Ya baridi. Akamulika na tochi, akaona mtu amechomoa mipira ya maji ya moto na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, ili hita isipate kitu. Juu ya kiungo, kitambaa cheupe, fundo juu ya fundo.

"Nani alilipua kazi hivi?"

Mafundi hufunga matambara kila panapovuja. Bi Spana alikikata kile kitambaa bila kufikiri, akajifutia grisi mikononi, akakitupa. Akarudisha mipira mahali pake, akatoa hewa, akaingia ndani kuwasha.

Joto likaja. Joto zuri...

Kisha harufu. Poda ya mtoto.

Kioo cha mlango wa nyuma kikashika ukungu. Hita inavuja, alijiambia, akapapasa zulia. Kavu. Vioo vingine vyote vilikuwa safi. Ukungu ule ulikuwa duara dogo, chini kabisa ya kioo. Ukapungua. Ukaongezeka. Ukapungua...

Mtu alikuwa anapumua.

"Funga mlango," sauti ndogo ilinong'ona nyuma yake. "Baridi inaingia..."

Hakujua alitokaje mle ndani.

"Mpigie aliyekuuzia," alimwambia shemeji yake.

Mwanamke aliyepokea simu aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mmefungua hita?"

"Tumefungua."

"Gari lilituzimikia mlimani. Nilimwacha mwanangu kiti cha nyuma, nikaenda kutafuta msaada... Nikamkuta amekufa kwa baridi. Tuliambiwa tuifunge hita kwa kitambaa chake, tusimpe joto tena. Akishalionja, hatulii. Anatafuta pa kujibanza."

Simu ikakatika. Walipopiga tena, haikupatikana.

Shemeji yake alikaa juu ya tairi, kichwa mikononi. "Nimezunguka mchana kutwa, hakuna gari lingine. Mwanangu atakufa."

Bi Spana aliifunga hita kama alivyoikuta. Kitambaa alikitafuta kila mahali, hakukiona.

"Twende hivyohivyo," alisema. "Mtoto nitambeba mimi, kifuani, ngozi kwa ngozi. Mimi ndiye mama yake mkubwa."

Hospitalini, mdogo wake alilazwa kiti cha mbele, hana nguvu hata za kugeuka. Bi Spana aliketi nyuma, mtoto ndani ya shati, koti juu, blanketi juu ya koti. Mlima ukaanza. Vioo vikawa barafu.

"Anaendeleaje?" mdogo wake alinong'ona.

"Amelala. Ana joto."

Ilikuwa kweli, naye alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

Kisha kifungo cha chini cha koti lake kikafunguka.

Mkono mdogo ukaingia, wa baridi kama chuma. Ukapapasa tumbo lake. Kikafuata kichwa, kikajilaza ubavuni mwake na kutulia. Bi Spana alitaka kupiga kelele. Lakini mtoto angeshtuka, shemeji yake angelisimamisha gari, na walikuwa hawajafika hata nusu ya mlima. Akaziba mdomo. Akasogea kidogo, akampisha.

Kona zikapita. Harufu ya poda ikajaa garini.

"Dada... bado ana joto?"

Bi Spana alipenyeza mkono chini ya koti, akagusa vichwa viwili. Vyote sasa vilikuwa na joto. Vidole vyake mwenyewe ndivyo ambavyo hakuvihisi tena.

"Ana joto," alijibu, meno yakigongana. "Mwambie mumeo aongeze mwendo."