Pacha wa Biri

Fabiano Dramadri alikutwa kifudifudi juu ya lundo la tumbaku, ndani ya ghala la kijiji cha Dranya, uso umezama kwenye majani kama mtu aliyelala akinusa. Karibu na mkono wake wa kulia palikuwa na biri iliyozimika ikiwa imefika katikati.

Inspekta Filda alichuchumaa, akaitazama bila kuigusa. Biri, ile sigara nene ya jani tupu inayoviringwa kwa mkono, ndiyo iliyomlisha Fabiano. Hakuitengeneza. Kazi yake ilikuwa kuionja, kisha kuiambia kampuni yake ndogo ya Arua tumbaku ipi inunuliwe na ipi irudishwe kwa mkulima.

"Mshukiwa tumemkamata, afande," alisema Konstebo Jude. "Ni Kiden, yule mkimbizi anayeviringa biri. Yuko mahabusu Koboko."

"Kwa ushahidi gani?"

Jude alikohoa. Akaeleza kwamba wanakijiji walimsikia marehemu kwa mbali kila siku akivuta na kutaja vitu: leo pilipili, kesho ngozi, keshokutwa udongo. Wakajua huyo mama anachanganya mambo humo ndani. Ngozi ya nini? Udongo wa wapi, wa kaburini?

"Na wewe ukaamini?"

"Afande, mtu amekufa akivuta biri ya huyo mama."

Sumu ni neno ambalo huko Koboko halihitaji shahidi. Likishasemwa, nyumba huchomwa.

Maiti ilipelekwa Arua. Filda aliingia kituo cha Koboko kupitia uani, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umejaa watu. Walikuwa wamesimama tu, wanaume kwa wanawake, wengine na majembe yao. Ukimya wao ulimtisha kuliko kelele.

Kiden alikuwa amekaa sakafuni, mguu mmoja hauna kandambili. Aliipoteza wanakijiji walipokuwa wakimburuta.

"Mama Kiden, uliweka nini ndani ya biri?"

"Jani, afande. Iko jani tupu."

"Pilipili?"

"Hakuna pilipili. Mutu akivuta, ulimi inatafuta kitu inajua. Moshi ikichoma pua kidogo, Fabiano anaita pilipili. Ikinuka kama mvua ya kwanza, anaita udongo. Ni namna yao ya kusema, hawa watu wa biri. Ngozi ni harufu ya kiatu mpya. Si mimi napika kiatu."

Filda nusura acheke. Jiwe likagonga bati la paa.

"Na tumbaku mbaya anaitaje?"

"Mkojo. Ile jani haijavundikwa vizuri, bado mbichi. Inapanda puani, machozi inatoka."

"Hii ya mwisho alisema ina ladha gani?"

"Nani atanieleza? Nilimpa, nikarudi nyumbani. Alikuwa hajawasha. Fabiano hataki mutu karibu akionja. Eti sabuni yako inaharibu pua yake. Na hatoi neno mpaka ifike katikati."

Kisha, kwa sauti ndogo, akaongeza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kila robota jipya la tumbaku lilipofika, yeye aliviringa biri mbili za majani yale yale. Moja Fabiano aliionja. Ya pili, pacha wake, ilifichwa kwenye kopo, ili mwenye tumbaku akibisha, naye avute ajionee. Wakulima hawakuujua mpango huo.

Jude alitumwa Dranya na pikipiki. Alirudi na kopo. Pacha alikuwemo.

Daktari alipiga simu kutoka Arua. Alikuta vipande vya majani ndani kabisa ya koo la marehemu, na michubuko kwenye kisogo. Kwa maoni yake, mtu alimkandamiza uso kwenye tumbaku mpaka pumzi ikakata.

"Kwa hiyo hakuna sumu?"

"Sijasema hivyo. Sampuli zinakwenda Kampala. Subiri majibu."

Lakini watu wa nje hawakuwa watu wa kusubiri. Jiwe jingine lilianguka, kisha mawili pamoja. Askari wa kuongeza nguvu walikuwa bado njiani.

Mzee Anguyo, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tumbaku, ndiye aliyeruhusiwa kuingia kusema kwa niaba ya umati. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya taratibu. Maelezo yake yalishaandikwa: alimtumia Fabiano robota lile la mwisho asubuhi ya jana, akaenda mnada wa Ludara, akakaa huko hadi alipoletewa habari za kifo. Hakumwona tena Fabiano.

"Afande, mimi nawazuia, lakini siwezi siku nzima," alisema. "Tupe huyo mama tumrudishe kwao."

Kwao wapi, Filda aliwaza. Ng'ambo ya mpaka, au ardhini?

Aliikata ncha ya biri pacha, akaitia kwenye bahasha ya vielelezo kwa ajili ya Kampala. Iliyobaki akaishika. Hakuwa amewahi kuvuta hata sigara. Nyumbani Awindiri alikuwa na watoto watatu, na mdogo bado hajui kufunga viatu. Kichwa kilimwambia mtu aliyekabwa pumzi hakufa kwa sumu. Hofu haikukubali.

"Mtoe Kiden," alimwambia Jude. "Twende barazani."

Umati ulipomwona Kiden ulisogea hatua moja mbele, wote kwa pamoja. Filda akasimama mbele yake.

"Biri hii ni ndugu ya ile aliyokuwa akivuta Fabiano," alisema. "Mikono ile ile, jani lile lile. Mnasema ina sumu. Haya, tazameni."

Kiden aliiwasha, akamnong'oneza asimeze moshi, aushike mdomoni na kuutoa polepole, kidogo upitie puani.

Filda alivuta. Akavuta tena. Jasho likamtoka, midomo ikafa ganzi, uwanja ukaanza kuzunguka. Ndiyo hii, aliwaza. Nimewaachia watoto yatima kwa ubishi wangu. Akamshika Kiden bega.

"Ni ukali tu, afande," alisema Kiden. "Jude, lete chai. Sukari mingi."

Alikunywa. Dunia ikatulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele aliushusha mpini wa jembe lake.

"Naonja karanga," Filda alisema, akishangaa mwenyewe. "Karanga za kukaanga. Basi."

Umati ulianza kuguna, na mguno ule haukuwa tena wa hasira. Anguyo alihisi umati ukimponyoka.

"Msidanganyike," alisema, akipanda ngazi. "Sumu yake iko katikati. Marehemu mwenyewe alisema inaanza kama karanga, ikifika katikati inageuka mkojo, inachoma mpaka macho. Mwacheni afike huko."

Filda hakumtazama. Aliendelea kuvuta. Moto ulipokaribia katikati, kitu kikali kilimpanda puani na machozi yakamtiririka mashavuni. Mkojo wa mbuzi, kabisa. Ndipo akaizima ukutani.

"Mzee Anguyo, tuingie ndani. Nina swali moja."

Jude alisimama mlangoni. Filda aliketi.

"Fabiano alikuambia lini?"

"Nini?"

"Karanga mwanzo, mkojo katikati."

"Alikuwa anasema kila siku."

"Biri ile iliviringwa jana, kutoka robota ulilotuma jana. Kiden alimwacha hajaiwasha. Alipofika katikati alikufa. Wewe ulikuwa Ludara. Nani alikuambia?"

Anguyo alianza kusema, macho kwenye mikono yake.

Habari ilitoka vipande vipande. Wakulima walikuwa wamemkabidhi tumbaku yao iliyovundikwa miaka miwili aitunze. Aliiuza kwa siri ng'ambo ya mpaka, akajaza marobota kwa majani mabichi ya msimu huu. Rangi ya yaliyovundikwa aliipata. Ulimi wa Fabiano hakuweza kuudanganya. Alirudi kutoka mnadani kusikia majibu, akamkuta ameishikilia biri, macho yanatoka machozi.

"Nikamwomba aseme ni nzuri. Akasema hapana, atawaita wanakikundi wote wavute wenyewe. Akanigeuzia mgongo. Nikamshika kichwa." Akameza mate. "Sikujua pumzi ya mtu iko ndefu hivyo."

"Na sumu ya Kiden?"

"Ningesema nini? Watu walikuwa wameshaiamini kabla sijafungua mdomo."

Jude alimfunga pingu na kumsomea haki zake. Nje mtu aliuliza kwa nguvu mwenyekiti anakawia nini. Anguyo aliruka kwenye kiti. Wote waliokuwa pale nje ndio wenye tumbaku ile. Yeye ndiye aliyewakusanya.

"Afande," alisema, na sauti ya taratibu haikuwepo tena. "Nakuomba. Usinipitishe mbele."

Filda alimpitisha Anguyo uani, akiwa amefunikwa koti la Jude, na muda wote mpaka gari lilipoondoka kuelekea Arua moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Kiden alitokea mlango wa mbele. Watu, waliokwisha kuona biri yake haikumuua inspekta, walimpisha njia. Yule mwanamke wa jembe alimnyooshea kandambili yake iliyopotea, bila kumtazama usoni. Hakuna aliyemwomba radhi.