Hodi Kutoka Ndani ya Lekta

Mnisamehe, hadithi hii nitaiharibu, maana mdomo wangu huniponza. Ilimpata rafiki yangu Jamali, fundi wa kompyuta kule Kenya, si ile nchi bali mtaa wa mjini kwetu.

Mounira alimletea kompyuta ambayo lekta yake mbovu, kile kisanduku cha kusomea CD, ilikuwa imemeza CD pekee yenye sauti ya marehemu baba yake. "Fundi, weka lekta mupya, lakini sauti ya papa unirudishie."

Jamali akaichomoa lekta, akaing'oa nyaya zote, akailaza mezani. Mara umeme ukakatika. Karakana haina dirisha. Giza likawa tii. Walikuwemo wao wawili na mpiga domo mmoja aliyekuja kupiga soga.

Ndani ya lekta kukagongwa. Ko, ko. Kimya. Ko.

"Ni vile papa alikuwa anapiga hodi," Mounira akanong'ona.

Jamali akawakataza watu waliokuwemo: "Bantu, musiitike! Mufu akiitikwa anabeba kitu yake. Tungojee mwangaza."

"Karibu, papa, ingia!" mtu akaitika akicheka.

Lekta ikatoa ulimi wake taratibu, krrr. Jamali akapapasa: CD haimo. Mounira akaanza kulia.

Yule mpumbavu aliyeitika ni mimi. Nilidhani watacheka.