Dobi Aliyebeti Vibanio

Kila asubuhi ua wa dobi ulijaa mvuke. Maji yalichemka kwenye pipa, shuka za nyumba ya wageni zilipepea kambani, na ukikaa hapo kidogo tu, usingizi unakunyemelea. Dobi mwenyewe alikuwa mtu wa ndoto tangu utotoni. Angeweza kusuuza soksi moja kwa nusu saa, macho yakiwa mawinguni. Mkewe alizoea kumwambia, "Mume wangu, hiyo soksi imeshatakata. Iache ipumzike."

Siku hizo mkewe hakutania sana. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni na dawa ya madoa. Muuguzi wa zahanati alimwonya. "Mama, mikono hii isiguse sabuni mpaka ipone. La sivyo, vidole vitakataa kukunjika." Dobi aliposikia hivyo alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Basi wakapanga kununua mashine ya kufulia iliyotumika. Bei yake ilikuwa laki moja na nusu. Akiba yao ya miaka miwili ilikuwa laki moja. Zilipungua elfu hamsini.

Hapo ndipo gurudumu lilipoingia kichwani mwa dobi. Mwezi uliopita alipeleka vitambaa vya meza kwenye kasino, mtaa wa pili. Mle ndani hamna dirisha wala saa ya ukutani. Zulia nene humeza sauti ya miguu. Dobi aliona mpira mdogo mweupe ukikimbia juu ya gurudumu, ukicheza, kisha ukatulia kwenye nafasi nyekundu. Mteja mmoja akamnong'oneza mbinu. Weka elfu moja kwenye nyekundu. Ukikosa, weka mbili. Ukikosa tena, weka nne. Nyekundu ikitoka, unarudisha zote ulizopoteza, na elfu moja juu.

Dobi aliielewa palepale, maana ndivyo anavyofanya kazi. Doa likikaidi, huongeza sabuni maradufu. Likikaidi tena, huongeza tena. Mwisho doa hutoka. Akaenda kujaribu mara tatu kimyakimya, na kila mara akarudi na elfu mbili au tatu za faida. Tangu hapo, hata maji ya beseni aliyaona yakizunguka, na povu likitafuta pa kutua.

Alhamisi mkewe alikwenda zahanati. Dobi akavaa shati safi, akatia ile laki moja mfukoni. Alikuwa anafunga mlango wa uani alipoingia jirani yao, Mama Miavuli. Mama huyu hutengeneza miavuli, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo hakuwa na kazi. Kabla ya miavuli, alizungusha gurudumu la kasino kwa miaka sita.

"Shemeji, shati jeupe siku ya kufua? Kuna harusi?"

Dobi hajui kudanganya. Akamweleza yote, macho yaking'aa. "Nahitaji kushinda mara hamsini tu, Mama Miavuli. Elfu moja, elfu moja. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chako kina tundu," alisema Mama Miavuli. "Nipe saa moja. Ukinishinda, nenda zako. Lete ule mkebe wa vifungo."

Kila dobi ana mkebe wa vifungo vilivyong'oka kwenye nguo za watu. Mama Miavuli akachagua vyekundu kumi na vinane, vyeusi kumi na vinane, na kimoja cha kijani. Akavitia kwenye mfuko wa mto.

"Gurudumu la kule lina nafasi kama hizi, thelathini na saba. Dau utaweka kwa vibanio vya nguo. Kibanio kimoja ni elfu moja. Unavyo vingapi?"

"Mia moja, vyote viko kambani."

"Mimi ni kasino. Vyangu ni hivi vya akiba, kwenye ndoo ya mkeo. Haya, weka dau."

Wakaanza. Mama Miavuli akatikisa mfuko, akatoa kifungo, akakirudisha, akatikisa tena. Dobi alikosa mara moja, akashinda. Akakosa mara mbili, akashinda. Kila faida aliibana kwenye shati lake. Upepo ulikuwa mwanana, shuka zikipanda na kushuka polepole, naye akaona kama anaelea. Baada ya muda shati lilikuwa na vibanio ishirini na vitatu.

"Umeona?" alisema dobi. "Mbinu ina nguvu."

"Nguvu inayo, sikatai. Inakupa utaratibu, hubeti ovyo. Na mara nyingi utaondoka na faida ndogo. Ndiyo maana watu wanaipenda. Weka."

Kikatoka cheusi. Dobi akaweka viwili. Cheusi. Akaweka vinne. Kikatoka kile cha kijani.

"Cha kijani ni cha nani?" aliuliza dobi.

"Cha kasino. Si chekundu wala si cheusi. Hicho ndicho kinacholipa mishahara, zulia na taa. Hakuna mpango wa dau unaokiondoa mfukoni."

Akaweka vinane. Cheusi. Shati lilibaki na vibanio vinane, na dau sasa lilikuwa kumi na sita. Dobi akainuka, akachomoa vingine kambani. Cheusi.

"Sasa lazima kije chekundu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa nini lazima? Doa hupungua kila ukilisugua, shemeji. Mfuko huu haujui kilichotoka mwanzo. Kila mara unaanza upya."

Dobi hakumsikia. Alichomoa vibanio thelathini na viwili. Shuka tatu zikabaki zimening'inia kwa ncha moja. Mama Miavuli akatoa kifungo. Cheusi.

Upepo ukavuta. Shuka zile tatu zikaruka juu ya ua bila haraka, zikazunguka, zikatua mavumbini. Dobi alizitazama tu.

"Mara sita mfululizo," alisema Mama Miavuli. "Haitokei kila siku. Lakini ukicheza sana, itatokea. Vimebaki sitini. Dau lako ni sitini na vinne."

"Vinapungua vinne tu. Niazime kwenye ndoo."

"Ndoo ni ya nani?"

Dobi akaitazama. Ndoo ilikuwa ya mkewe.

"Maneno hayo nimeyasikia miaka sita," alisema Mama Miavuli. "Na ungehatarisha sitini na vinne ili upate faida ya kimoja. Tena kule hata ukiwa navyo hupokelewi. Meza ina kikomo, dau kubwa ni elfu hamsini."

"Na nikiongeza ninaposhinda tu?"

"Hutafilisika haraka, maana dau unaliongeza kwa faida tu. Lakini ukikosa mara moja tu, faida yote imekwenda. Ukikosa ukapandisha moja, mbili, tatu, utaumia polepole. Mpango wa dau unabadilisha jinsi ya kupoteza. Haubadilishi mfuko. Anayetaka kujifurahisha aende na fedha asizozihitaji, na zikiisha arudi nyumbani."

Mkewe aliingia wakati huo, mikono imefungwa bandeji. Akaona shuka chini na mumewe ameduwaa. Dobi akamketisha, akatoa ile laki moja na kumwekea mapajani. Akamweleza kila kitu, hata zile mara tatu.

"Nilijua," alisema mkewe. "Ulirudi unanuka sigara za watu. Mimi ni mke wa dobi, unafikiri pua yangu ya mapambo? Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Kisha machozi yakamtoka. "Ungepoteza mikono yangu, mume wangu."

Toka siku ile akiba aliishika mkewe. Dobi alifua peke yake, na mkewe akapokea wateja na kuandika majina. Nyumba ya wageni ya pili ikawapa shuka zake. Zile elfu hamsini zilizopungua walizipata kwa miezi mitano.

Mashine ilipofika ilikuwa na kelele kama trekta, na mtaa mzima ulikuja kuitazama. Dobi alisimama mbele ya kioo chake, akatazama nguo zikizunguka, zikizunguka, mpaka akasahau kama ana wageni. Mkewe akaja nyuma yake, akampapasa shingo. Dobi akageuka ghafla kuona ni nani, kwa sababu mkono ule ulikuwa laini.