Picha Thelathini za Oldeani

Msije mkaniambia habari za uzuri wa mlima. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko kando ya lami pale Karatu, na kila siku ya Mungu nawaona wageni wanashuka kwenye magari na madaftari na penseli zao, wanautazama Oldeani mpaka chai inapoa. Wengine wanaandika, wengine wanachora. Mmoja aliwahi kuniambia mlima ule unamfungua moyo. Nikamjibu, haya mama, ukimaliza uufunge. Sisi tuliozaliwa hapa tunalima tumeupa mgongo.

Haya ninayoyasema hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata Selina, mdogo wangu wa tumbo moja. Niliyaona kwa macho haya, na mikono yangu ilikuwemo.

Mume wa Selina, Silvanus, alikuwa anachora picha za kuwauzia watalii. Mimi ndiye niliyekuwa namkatia vitambaa vya marekani na kumpindia kingo, yeye anavikaza kwenye fremu. Alikuwa na mlima mmoja tu kichwani mwake: pembetatu ya bluu, jua jekundu, twiga watatu. Alichora kumi kwa siku huku anasikiliza mpira redioni. Mtu mpole, mcheshi, mvivu kidogo. Nyumba yao ilikuwa upande wa juu, karibu na msitu, na Selina alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi saba.

Siku moja ya mnada akaja Hilary, yule anayepeleka mapambo kwenye malodge. Alitaka picha thelathini za Oldeani, moja kwa kila chumba cha lodge mpya, ziwe tayari mwezi ukiisha. Akaziangalia zile za Silvanus zilizotundikwa, akacheka.

"Kaka, huu si mlima. Hiki ni kichuguu. Nenda kauangalie kwanza."

Watu wote waliokuwa pale walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe. Silvanus alikunja uso, akakusanya brashi zake akaondoka bila kuaga.

Wiki ile ile Selina akajifungua kabla ya siku zake. Tulikuwa wawili tu ndani, mimi na yeye, na mvua nje. Mtoto wa kike. Alitoka kimya, akabaki kimya.

Sasa kwetu Wairaqw, msiba wa namna hiyo una sheria yake, tunaita metimani. Baba na mama wa mtoto wanakaa ndani, miezi kadhaa. Njiani linawekwa tawi la miiba ili watu wajue. Hawaongei na mtu wa nje, hawali na mtu, hata chakula wanachoachiwa hapo kwenye miiba wanakichukua ukishaondoka. Na zaidi ya yote hawasogelei chemchemi, maana kwenye maji kuna wenyewe, na wenyewe hawapendi kuletewa harufu ya kifo. Mzee au kijana, msomi au mjinga, kila Mwiraqw anajua hivyo.

Silvanus alinivuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Shemeji," akaninong'oneza, "tukisema, watatufungia ndani. Oda itakwenda kwa mwingine. Hayo mambo ni ya zamani. Sisi ni Wakatoliki."

Nilimtazama Selina kitandani. Na yeye akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtoka. Basi nikanyamaza. Tulimzika mtoto nyuma ya nyumba, tukapanda maboga juu, na majirani tukawaambia mama anaumwa mgongo.

Siku ya tatu Silvanus akapanda mlimani. Alikaa huko kutwa nzima, pale msitu unapoanzia, penye chemchemi. Alikunywa yale maji. Akaoshea brashi humo humo. Aliniambia mwenyewe, wala hakuona vibaya. Alirudi jioni macho yamemtoka, hasemi na mtu, akaanza kuchora kabla hata ya kunawa mikono.

Picha ya kwanza aliniletea niione. Jamani! Sijui nisemeje. Ulikuwa Oldeani wenyewe. Ukungu ulikuwa unatembea. Nilisikia baridi kwenye meno. Hilary alipoiona hakucheka tena, alivua kofia. Mgeni mmoja wa kike alisimama mbele yake akalia kwa kwikwi, na alipoulizwa analilia nini akasema hajui.

Lakini mimi ni fundi, natazama chini, kwenye kingo. Na chini kabisa, palipokuwa na majani, kulikuwa na nyumba ndogo ya bati yenye kiraka. Nyumba yao. Mlango wazi. Mlangoni mwanamke amejifunga kanga ya kijani.

"Umemchora Selina," nikasema.

Silvanus akasogea, akatazama muda mrefu. "Mimi sikuchora mtu, shemeji. Hapo niliacha majani."

Picha ya pili mwanamke alikuwa shambani, ametupa mgongo. Ya tatu, amepita uzio. Ya nne, yuko kwenye njia ya ng'ombe, anapanda. Mdogo kama punje ya mtama, lakini kanga ni ile ile.

Nilikwenda kumwona Selina. Nilimkuta amekaa kitandani, anatabasamu. Nilishtuka, maana tangu msiba hakuwa ametabasamu. Nyayo zake zilikuwa na tope jekundu, na shuka chini ya miguu lilikuwa limelowa.

"Ulitoka?"

"Sijatoka, dada. Hata kusimama siwezi." Kisha akafungua blauzi kidogo, akanionyesha. Maziwa yalikuwa yamemjaa tangu siku ile, yanamuuma mpaka analia. Sasa yalikuwa yamelegea, matupu. Na chuchu zilikuwa na alama. Alama ndogo ndogo, kama za fizi.

"Ana njaa," akanong'ona. "Analia kule juu. Nikikaribia anapunguza."

Nilitoka mle ndani mbio. Nikamkuta Silvanus kwenye kibaraza, anachora. Nikamwambia aache. Nikamwambia mke wako anakwisha. Mnajua alinijibu nini?

"Nitaacha. Lakini shemeji, tazama kwanza hii mianzi. Tazama mwanga unavyopita."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Alikuwa anaona mke wake anapanda picha baada ya picha, anakonda siku baada ya siku, na bado mkono haukusimama. Mtu aliyechekwa kwa kichuguu akapewa mlima, ataurudisha vipi? Picha ya kumi. Ya kumi na tano. Watu walianza kuja kutoka Arusha kumtazama anavyochora. Selina alikuwa hali chakula tena. Midomo yake ilikuwa ya bluu mchana wa jua kali. Kwenye picha ya ishirini alikuwa amefika ukingo wa msitu, na kutoka kwenye giza la miti kulikuwa na mkono mdogo umenyooshwa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa shangazi Bernadina, nikapiga magoti, nikasema yote. Shangazi hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Alisema tu, "Mmempeleka mtoto kwenye maji kwa miguu ya baba yake," akachukua panga.

Siku hiyo hiyo nyumba ikafungwa. Shangazi alikata tawi la miiba kwa mkono wake akaliweka njiani. Silvanus na Selina ndani, mlango umefungwa. Nilipewa amri moja: nipeleke maji na uji mpaka kwenye miiba, niweke chini, niondoke. Nisiseme nao neno, wala wao wasiseme nami. Nisivuke.

"Wewe una domo na una hasira," shangazi akaniambia. "Safari hii vimeze vyote viwili."

Nikavimeza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Naweka kibuyu, naondoka. Nikirudi nakuta kibuyu kitupu, nashukuru Mungu. Siku ya tano nilikaa kidogo pale kwenye miiba. Ilikuwa saa nane mchana. Hakuna upepo. Kuku wamenyamaza. Nikasikia harufu.

Rangi ya mafuta. Mbichi.

Damu ilinipanda kichwani. Huyu mwanaume! Ndani ya metimani, mke anakata roho, na yeye anamalizia oda! Niliita kwa kunong'ona, "Silvanus." Kimya. Nikachungulia kwa mbali. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, na kivuli cha mkono kilikuwa kinakwenda, kinarudi. Kinakwenda, kinarudi.

Niliruka miiba. Ilinichana mguu, sikusikia. Mkasi wangu wa kazi ulikuwa kwenye mfuko wa aproni, haunitoki. Nikasukuma mlango.

Picha tisa zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimegeuziwa mgongo. Ya kumi ilikuwa mbele ya Silvanus, bado inang'aa. Selina alikuwa kitandani. Alinigeukia. Nadhani alitaka kusema kitu. Silvanus aliponiona aliinua mikono yote miwili, akatikisa kichwa kwa nguvu, mdomo ameubana. Hakusema. Alikuwa anashika sheria. Alikuwa anashika ile sheria, mbwa yule, kwa mara ya kwanza maishani mwake!

Mimi nikaona anaikinga picha yake.

Nilimsukuma. Nikachoma mkasi katikati ya kitambaa nikakata. Nilikata kutoka kushoto mpaka kulia, kati ya mlima na nyumba, marekani niliyoikata na kuipinda mwenyewe. Ilitoa sauti. Kitambaa kikikatwa kinalia kwa namna moja, naijua miaka ishirini. Hii haikuwa sauti hiyo.

Selina alivuta pumzi. Mara moja. Haikutoka.

Nilimshika, nikamtikisa, nikamwita kwa jina la utotoni. Alikuwa wa baridi tayari, kama mtu aliyekufa jana. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, imepakata, na mikono ile hatukuweza kuikunjua hata wakati wa kumvika. Tulimzika hivyo hivyo.

Silvanus hakulia. Alikaa chini pale sakafuni, akasubiri mpaka nilipomaliza kupiga kelele. Ndipo akasema, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Ulitazama miguu yake, shemeji?"

Akazigeuza zile picha tisa, moja moja, akazipanga. Mwanamke wa kanga ya kijani yuko ukingo wa msitu, amegeuka. Uso wake unatuelekea. Picha inayofuata amefika njia ya ng'ombe, anashuka. Vidole vya miguu vinatutazama. Kifuani amepakata kitu. Anashuka tena. Anafika uzio. Anaingia shambani. Kila picha hatua moja, na kwenye picha zile za mwisho uso wake umeanza kupata rangi.

"Tulipofunga mlango ndipo alipogeuka," Silvanus akasema. "Nikiacha kuchora anasimama, na pumzi yake inasimama. Nikichora anatembea. Hii ya thelathini ilikuwa ya kumfikisha mlangoni. Nilibakiza kizingiti tu."

Niliokota vipande viwili vya kitambaa. Sikutaka kutazama, nikatazama. Kwenye kipande cha chini, nyumba, na mlango wazi. Kwenye kipande cha juu, mdogo wangu, mguu mmoja umenyanyuka, anatabasamu.

Hasira hasara, tunawaambia watoto kila siku.

Mnisikilize sasa, maana watu huniuliza kama nina ushahidi. Silvanus yuko Arusha, anaendesha bajaji, ukimpa penseli anakimbia. Zile ishirini na tisa Hilary alizichukua zikatundikwa, na nimeambiwa wageni wanazipenda mno, mwingine ameandika kitabu kizima akiwa chumba chenye picha ya ishirini. Mimi ile ya thelathini ninayo ndani kwangu. Nilipomaliza siku zangu za kukaa kando, maana na mimi nilivuka miiba, nilikaa kwenye cherehani nikaiunga. Uzi mweusi, mshono mara mbili, fundi yeyote angeusifu. Nilifikiri, Mungu wangu, labda njia ikiungika atapita.

Asubuhi uzi haukuwepo. Vipande vilikuwa viwili tena. Hakuna palipokatwa wala kuchanika, mshono ulikuwa umefumuliwa kwa subira, tundu kwa tundu. Chini ya picha, kwenye sakafu, nilikuta uzi wangu umesukwa vizuri kuwa kikuku, kama tunavyowafunga watoto wachanga mkononi. Kidogo, kinaingia kidole gumba changu tu.

Mwaka uliofuata, siku ya kifo chake, niliiunga tena. Na mwaka huu pia. Ninavyo vikuku vitatu sasa kwenye kopo la vifungo, ukija nitakuonyesha. Cha kwanza ni cha mtoto mchanga. Cha pili kingemtosha anayetambaa. Cha tatu nimekijaribu juzi kwa mjukuu wa shangazi Bernadina, msichana wa miaka miwili, kikamkaa sawasawa.