Kipimamaji na Vipimamaji

Kila alasiri baada ya masomo, Kwanini alipitia ghala la shangazi yake, ambako mafundi walikodi vifaa vya ujenzi. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyo aliuliza maswali mpaka mtu akasahau alichokuwa akifanya.

Siku moja shangazi aliweka programu mpya katika simu. Kwanini na binamu yake wakapewa kazi ya kuorodhesha vifaa vyote.

Kwanini alibonyeza huku na kule, akagundua jambo lililomfurahisha mno. Si lazima kuandika kila kifaa upya! Unanakili kilichopo, unabadilisha jina na idadi, kisha programu yenyewe inapanga majina kwa alfabeti.

"Nitaanza na vya ukutani," alisema. "Halafu nikupe simu, uingize vya kwenye makasha."

"Tuandike umoja au wingi?" binamu aliuliza.

"Wewe nawe! Andika tu, tumalize."

Siku hiyo muuliza maswali hakutaka kuulizwa.

Kesho yake mwashi mmoja, mteja wa miaka mingi, alikuja akitaka kipimamaji cha kunyooshea ukuta. Shangazi akatafuta simuni.

"Naona kimoja tu, kile cha ukutani, nacho kina ufa. Vile ulivyochukua juzi viko wapi?"

"Nilivirudisha, mama. Nilivitia kashani kwa mkono wangu."

"Simu haidanganyi. Virudishe kwanza."

Mwashi alimtazama kwa uchungu. "Miaka yote hii, leo nimekuwa mwizi?" Akatoka bila kuaga.

Kwanini aliumia moyoni. Lakini kwa nini kimoja tu? Aliichukua simu, akateremka na orodha, akaipita K, akaenda mpaka chini kabisa kwenye V. Hapo palikuwa na neno alilolihofia: "Vipimamaji".

Angeweza kurekebisha kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Ila mwashi angebaki mwizi.

"Shangazi, mwashi hana kosa. Binamu aliniuliza tuandikeje, nikampuuza; mimi nikaandika umoja, yeye wingi."

Shangazi alifunua kasha. Vipimamaji vilikuwemo vyote. Alitoka mbiombio na aproni yake kiunoni, Kwanini nyuma yake, wakamkuta mwashi kwenye kona ya barabara.

"Fundi, nisamehe. Nimekuvunjia heshima," shangazi alisema, na Kwanini akaeleza kila kitu.

Mwashi aliangua kicheko. "Kumbe nimeponzwa na ngeli ya KI-VI! Na shuleni niliikimbia kweli!"

Walirudi naye ghalani kuchukua kipimamaji. Njiani shangazi alimshika Kwanini bega.

"Umefanya vyema kusema kweli. Mkigawana kazi, kubalianeni kwanza kuhusu maneno, ndipo haraka yenu itafaa. Na mimi nimejifunza: simu hujua kile tu ilichoandikiwa. Huyu mtu ninamjua miaka yote, nami sikumsikiliza."