Shahidi Aliyekaa Kooni

Mtoto alitoka kuoga akinuka petroli.

Mama yake alidhani ni ndoo. Akaisugua kwa sabuni ya unga, akaisuuza, akachota maji mengine na kumwogesha upya kuanzia utosini hadi katikati ya vidole vya miguu. Alipomfunga taulo aliinamisha pua shingoni mwake. Petroli tena, tena ile nzito inayoganda mikononi mwa mtu aliyetoka kujaza tangi. Na nyumba ile ilikuwa na wiki tisa haijaona pikipiki.

Mwenye pikipiki alikuwa baba wa mtoto. Alibeba abiria, na wenzake wa kituoni walimwita Polepole, kwa kuwa abiria mwenye haraka zake hakuthubutu kumpanda yeye. Alipiga honi hata kwa kuku. Ndiyo maana dereva wa gari la saruji alipoandikisha polisi kwamba pikipiki ilikuja mbio na kumfuata upande wake kwenye kona, wale wenzake walicheka kwanza, palepale msibani, kisha wakalia kama watoto.

Kwenye kona ile asubuhi ile walikuwa watatu tu. Dereva, aliyesema uongo. Polepole, aliyekata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Na binti yake wa miaka saba, Kidoti, aliyekuwa akipelekwa shule. Kidoti walimwokota mtaroni, maji yamemfika kifuani, hana hata mkwaruzo. Tangu hapo hakutamka neno.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo ilikuwa kiwanda chake. Mambo ya sheria hakuyajua, lakini wakili alimweleza taratibu, huku akifuta miwani yake kwa tai.

"Mama, polisi walichora mchoro baada ya magari kusogezwa. Mchoro huo hautusaidii. Watu wa bima wanasema mumeo ndiye mwenye makosa, na mahakama inataka mtu aliyeona."

"Aliyeona ni mtoto, na mtoto hasemi."

"Basi tuombe aseme. Bila yeye hakuna fidia, na marehemu atabaki kwenye karatasi kuwa ndiye aliyesababisha."

Fundi alirudi nyumbani na maneno hayo yamemkaa moyoni. Fidia aliitaka, kwa kuwa sindano peke yake isingemsomesha Kidoti. Lakini kilichomnyima usingizi ni hilo la pili. Mume wake, mtu wa kupigia kuku honi, aandikwe kuwa alijiua kwa kiherehere!

Siku tatu baada ya harufu ile, alasiri, jua likiwa bado kali dirishani, alisimamisha cherehani ili akate uzi. Akasikia tik. Akadhani ni bati linanyooka kwa joto. Tik. Tik. Mlio ulitoka chumbani alikolala Kidoti, na aliujua vizuri: ni bomba la moshi la pikipiki linalopoa baada ya safari. Kwa miaka minane ndio uliokuwa ukimwambia kwamba mwenye nyumba amerudi.

Alisukuma mlango. Kidoti alikuwa ameketi kitandani, macho ameyafumba, mikono imenyooshwa mbele kama iliyoshika usukani. Mdomo wake mdogo ukafunguka, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Sindano. Mbona umekonda hivyo?"

Sindano ni jina alilopewa fundi na mumewe kwa ajili ya ulimi wake, na hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu, hata mbele ya mama yake mzazi. Mama huyo, mkwe wake fundi, ambaye Kidoti alimwita Bibi, alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Aliposikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye kifua cha mjukuu wake, mwiko ulimponyoka.

"Mwanangu," alisema, akapiga magoti. Halafu, baada ya kumtazama vizuri mtoto, akarudi nyuma kwa magoti hayohayo na kunong'ona, "Huyu siye. Mkamwana, huyu siye."

Sauti haikumjali. Ilianza kueleza ajali: gari la saruji lilivyoikata kona likiwa upande usio wake, dereva alivyokuwa na simu sikioni, namba za gari moja baada ya nyingine. Fundi alinyakua chaki yake ya kuchorea nguo na kuziandika ukutani. Hakuacha hata moja.

"Nitamwita mganga leo hii," Bibi alisema walipotoka chumbani.

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini? Mtoto amepandwa!"

"Amesema namba za gari, mama. Amesema simu. Wakili anataka hayohayo. Kesi ni wiki tatu tu zijazo. Akishasema mahakamani, nitamleta mganga mwenyewe, nakuapia."

"Wiki tatu," Bibi alisema. "Usinifanye nijute."

Wakili aliambiwa tu kwamba mtoto ameanza kuzungumza. Alifurahi hadi akasahau kufuta miwani. Hakuuliza anazungumza kwa sauti ya nani, na nani angeuliza swali kama hilo?

Wiki tatu zilipotimia walikwenda, wakaambiwa hakimu yuko mafunzoni, kesi imeahirishwa. Mara ya pili jalada halikuonekana. Mara ya tatu wakili wa upande wa pili alileta cheti kwamba anaumwa jino. Kila mara fundi alimfungia Kidoti sweta la shule, akampeleka, akamrudisha, na kila mara sweta lilizidi kumpwaya. Chakula alikichezea tu. Chini ya kucha zake palijaa uchafu mweusi wa oili usiotoka hata kwa limau, na nywele zake zilibaki kwenye mto kwa mafungu. Bibi aliacha kusema. Alikuwa anakaa uani akiwa ameipa nyumba mgongo.

Hapa nisiisingizie mahakama mzigo wote, kwa kuwa kulikuwa na jambo ambalo fundi hakumwambia mtu. Kila alasiri mlio ule ulipoanza, alifunga cherehani, akaweka kiti kando ya kitanda, akaketi, akangoja aitwe. Aliizungumzisha ile sauti. Aliieleza habari za wateja, ikacheka mahali palepale ambapo mumewe angecheka. Moyoni alijua anachokifanya. Alikuwa na uchungu ambao haukuwa na pa kwenda, na pale palikuwa na pa kuuweka.

"Siku ile," aliuliza zaidi ya mara moja, "neno lako la mwisho lilikuwa nini? Walikuta umeshanyamaza. Ulisema nini?"

"Kesho," sauti ilijibu. "Kesho nitakwambia."

Hata jini naye alikuwa amejifunza kuahirisha.

Miezi mitano ikatimia tangu ajali, na wakili akaleta habari kwamba safari hii hakuna kuahirisha, Alhamisi ni Alhamisi. Jumanne mchana fundi alikuwa anapiga pindo la gauni la mteja, mguu unakanyaga, kitambaa kinakwenda, Bibi yuko uani, mtaa umetulia, akaanza kuhisi kwamba mlio wa cherehani una mwenzake, mlio mwingine chini yake unaofuatana nao, na alipoondoa mguu cherehani ikanyamaza lakini ule mwingine ukaendelea, tik, tik, tik, na haukutoka tena chumbani, ulitoka nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na shingo, pamoja na harufu ya petroli na ya mpira ulioungua na ya maji ya mtaro yaliyolala siku nyingi, na alipogeuka kwa kujilazimisha alimkuta Kidoti amesimama pale, miguu mitupu, macho wazi kwa mara ya kwanza mlio ule ukiwapo, machozi yanamtiririka, mkono mmoja umeshika koo.

"Mama." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kukwaruza. "Mwambie asikae hapa. Ananibana."

Kisha macho yakafumbika, na mwanamume akasema kwa upole kutoka mdomo uleule, "Usimsikilize, Sindano. Anaota."

Fundi alitoka mbio hadi uani bila viatu. "Mama, twende kwa mganga. Sasa hivi!"

Mganga huyo kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza redio. Alikuja na bisibisi mfukoni mwa shati, ubani kwenye mfuko wa plastiki, na uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Aliweka sikio kifuani mwa Kidoti, akasikiliza kama anayetafuta stesheni.

"Amekaa muda gani?"

"Miezi mitano," fundi alisema.

"Na mlijua?"

Bibi alitazama chini. Fundi akajibu, "Nilijua mimi."

"Miezi mitano huyu si mgeni tena, ni mpangaji." Alichoma ubani, moshi ukajaa chumba, naye akainama juu ya mtoto. "Wewe ni nani?"

"Mume wake."

"Nimekuuliza wewe. Sikumuuliza unayemwigiza."

Sauti iliyojibu haikuwa na mtu ndani yake. Bibi aliziba masikio.

"Mtaro ule ni kwangu. Waliniangukia wawili. Mmoja alikuwa anakufa na maneno mdomoni, nikayachukua. Mwingine mdomo wake ulikuwa mtupu, nikaingia."

"Sasa toka."

"Nimekaribishwa. Muulize huyo mwenye chaki. Kila siku ananiwekea kiti."

Mganga alimgeukia fundi, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kwa huruma. "Ni kweli?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Basi mimi simtoi. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Sema mwenyewe, na useme kwa moyo mmoja. Ukisita, ataondoka na mtoto."

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda na kushika mikono ya mwanawe iliyochafuka oili. Sauti ikarudi kuwa ya mumewe, tamu, ya chini, ile ya kuzungumza taa ikishazimwa.

"Sindano. Keshokutwa ni kesi. Nani atanisemea nikiondoka? Utaacha waniandike hivyo? Nivumilie siku mbili tu. Nitasema yote mbele ya hakimu, halafu nitakwambia neno lile, la kwako peke yako. Nikienda sasa, linakwenda nami."

Bibi alikuwa analia bila sauti. Moshi ulipanda. Fundi alilitaka neno lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, zaidi ya fidia, zaidi hata ya jina jema la marehemu, na alikaa nalo hapo kwa muda wa pumzi mbili tatu. Halafu akaona jinsi koo la mtoto linavyotuna kila sauti ile inapopita.

"Ondoka," alisema.

"Sindano..."

"Usiniite hivyo! Aliyeniita hivyo amekufa. Mume wangu amekufa, na wewe uko ndani ya mwanangu. Ondoka!"

Hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo wake tangu siku ya mazishi.

Kidoti alikakamaa, akatapika maji meusi yenye rangi za petroli juu ya mama yake, ndoo nzima, mengi kuliko yanavyoweza kukaa ndani ya mtoto. Kiti kilianguka chenyewe. Mlio ukashuka kitandani, ukapita sakafuni kati ya miguu yao, tik, tik, ukavuka sebule, ukatoka nje, ukashuka na barabara hadi wasiusikie tena. Mtoto alilala palepale. Usiku mama yake alimnusa shingoni, akakuta sabuni tu.

Alhamisi kila mtu alikuwepo. Fundi alikuwa amemwonya wakili kwamba huenda mtoto asikumbuke, naye akasema, "Atakumbuka tu, mama." Kidoti alisimama kwenye kisanduku kidogo ili aonekane. Hakimu alimuuliza kama anajua maana ya kusema kweli, akasema anajua. Dereva wa gari la saruji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mwambie mheshimiwa," wakili alisema, "siku ile uliona nini?"

"Sikuona."

Wakili alisogea mbele. "Hukuona gari?"

"Sikuona. Baba aliniambia nifumbe macho."

Hakimu aliinua kalamu. "Alisemaje? Sema kama alivyosema yeye."

"Alisema, 'Kidoti, fumba macho, nishike kwa nguvu. Usifumbue mpaka mama aje.'"

Wakili alikaa chini. Shahidi aliyefumba macho hakuona upande wala kona, na hukumu iliyotoka baadaye ilisema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi: madai hayakuthibitishwa. Bibi alijifunika uso kwa khanga. Fundi hakumtazama wakili wala dereva. Kumbe neno lile halikuchukuliwa na yeyote. Lilikuwa limekaa kwa mtoto siku zote, chini ya sauti ya mwingine, na yeye alikuwa analiomba kwa mwizi.

"Kisha ukafanya nini?" hakimu aliuliza taratibu.

"Nikafumba. Nikangoja." Kidoti alizungusha macho ukumbini hadi akampata mama yake. "Nilingoja sana."

Fundi aliinuka bila kuruhusiwa, akapita mbele ya meza ya hakimu, na hakuna aliyemzuia.